Ndege Niliyoitangaza Mwenyewe

Nakiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: ile habari ya ndege ya Kalemie kuja Uvira, ile iliyowatoa watu nyumbani na miavuli yao wakaenda kusimama uwanjani wakitazama juu, ilitoka kinywani mwangu, na mpaka leo nikipita sokoni kuna mama muuza nyanya ananyoosha mikono kama mabawa.

Mimi ni mtangazaji wa redio ndogo hapa Uvira, chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia kelele. Jumatano moja ilifika saa kumi jioni sina habari ya kufungia taarifa ya saa kumi na mbili, nikatoka kutafuta, na kwenye njia ya Kavimvira nikapita ofisi ya wakala wa ndege, ambayo siku zote ina karani mmoja tu aliyelaza kichwa mezani. Siku ile foleni ilitoka mlangoni mpaka barabarani, akina mama na mabegi yao, wanaume wamevaa kola safi. Nikamwita karani dirishani.

"Ndege ya Kalemie mpaka hapa iko?"

"Haiko bado, dada. Patron angali anawaza kama abiria watatosha. Alhamisi ya juma linalokuja atafika kuangalia kiwanja."

Sasa sikilizeni akili yangu. Patron wa ndege anakuja, atakuja na nini kama si ndege? Na abiria si ndio hawa wamejaa mlangoni? Sikumuuliza hata mtu mmoja kwenye ile foleni anangoja nini, nikakimbia studio, na saa kumi na mbili nikasoma kwa sauti yangu ile ya sikukuu kwamba wakaaji wa Uvira wanagombania tiketi na kwamba safari ya kwanza kutoka Kalemie ni Alhamisi ijayo. Asubuhi yake redio mbili za jirani zikarudia habari yangu, zikaongeza na saa ya kutua, saa nne kamili (waliitoa wapi sijui), nami nikaichukua hiyo saa nikaitangaza kama jambo lililothibitishwa.

Hapo ningekuwa nimejiaibisha kidogo tu. Lakini Jumamosi ya juma lile lile la ndege ndiyo ilikuwa siku ya mahari yangu, wakwe wanakuja na ng'ombe kutoka Kamanyola, na kwetu ng'ombe hawapokelewi mjomba wa binti asipokuwepo, maana yeye ndiye anayeshika kamba. Mjomba wangu, kaka yake mama, anakaa Kalemie, na alikwisha kushika nafasi kwenye meli ya Jumanne. Baba akaniuliza mara moja tu, "Furaha, una hakika?" Nikamjibu, "Baba, hata zile redio nyingine zimesema." Akampigia simu mbele yangu: "Shemeji, acha bato ya Jumanne. Ndege iko."

Alhamisi uwanja ulijaa. Msiwaze uwanja wa lami, ni majani tu, wachungaji walikuwa wamefukuza ng'ombe alfajiri. Kwaya ya parokia ilikuja, chefu wa mtaa akaja na tai mpya, wauza maandazi wakafanya sherehe yao, na mimi katikati na mikrofoni, hewani moja kwa moja. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, nikawaeleza wasikilizaji majani, nikawaeleza kwaya, nikarudi tena kwenye majani. Karibu na saa sita mvua ikaanza, ndipo ikatokea pikipiki moja ikiteleza kwenye tope, nyuma amekaa bwana mmoja amejifunika mkoba kichwani, suruali yote matope. Karani akamkimbilia: "Patron, karibu!"

Nikamwekea mikrofoni mdomoni. "Bwana, ndege iko wapi?"

"Ndege gani?"

Hewani, ndugu zangu. Nikamgeukia karani nikitaka aniokoe, nikamkumbusha ile foleni ya abiria, naye akajibu kwa upole mwingi kabisa: "Dada, bale bantu banakuyaka kwangu kupiga foto za jeton. Mashini ya foto njo inanilisha. Tiketi, mwaka huu sijauzisha hata moja." (Yaani walikuja kupigwa picha tu. Jeton ni kile kikaratasi cha kuvukia mpaka kwenda Burundi. Uvira nzima tunakipanga foleni, hata mimi.) Chefu akavua tai, na simu yangu ikalia, mjomba kutoka Kalemie.

"Furaha, minye niko hapa kiwanjani tangu asubuhi na valizi na kitunga cha ndagala. Weye, ndege yako iko wapi?"

Meli ilikuwa imeondoka Jumanne, na nyingine ni Jumanne ijayo.

Jumamosi wakwe wakafika. Msemaji wao akauliza mujomba iko wapi, baba akanyoosha kidevu upande wangu, nikasimama na kitenge changu kipya nikaeleza yote tangu foleni mpaka pikipiki. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Lakini baba mkwe hakucheka. Ng'ombe wakafungwa nje ya lupango, ua wa nyumba yetu, bado ni wa kwao, wazee wawili wakabaki kuwalinda na kula maharage yetu, na usiku Espoir, mchumba wangu, akaniambia kwenye simu kwamba baba yake anauliza nyumba itakaaje na mwanamke wa kusema kabla ya kuuliza. Nililia. Nilimpenda Espoir, na niliona ninampoteza kwa dakika moja ya taarifa.

Jumapili ng'ombe mmoja, yule mnono kuliko wote, akazaa.

Mjomba alishuka melini Jumatano, kitunga cha ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mkononi, hakunisalimia. Akaenda moja kwa moja kushika kamba, na wakwe wakaja tena kutoka Kamanyola kwa ajili yake. Alibishana nusu siku kutaka ndama ahesabiwe kwetu. Mwisho baba mkwe akasema: "Ng'ombe ni wenu tangu leo. Ndama amezaliwa Jumapili, ni wa kwetu. Mungefika kwa ndege, angekuwa wenu." Akacheka, mara ya kwanza, na mimi nikapumua. Ndama wa siku tatu hawezi kuachishwa, basi na mama yake akarudi naye Kamanyola kunyonyesha, ng'ombe wangu bora anatembea barabarani kurudi alikotoka.

Nimeolewa, nashukuru. Siku hizi nikiona foleni naanza na mtu wa mwisho, namuuliza anangoja nini, kisha namuuliza wa mbele yake, na kama wanatofautiana sitangazi kitu. Baba hata nikimwambia chakula kiko tayari huuliza, "Na nani mwingine amesema?" Na nikienda kwa wakwe, kabla sijaweka begi chini, mama mkwe ananiita uani anionyeshe yule ndama, sasa ana mabega mapana, amempa jina yeye mwenyewe.

"Furaha, kuya uone. Ndege yako imefika."