Nilivyojifunza Kulitunza Gari la Marehemu

Mume wangu alipofariki, watu wa kwao walikubaliana mambo mawili kabla matanga hayajaisha: kwamba mimi na binti yangu tutabaki kwenye nyumba yetu ya Mugutha, na kwamba gari litauzwa. La kwanza nililishukuru. La pili nilinyamaza, wakadhani nimekubali.

Lilikuwa gari dogo la haibridi, linalotumia petroli na umeme kwa pamoja. Yeye ndiye aliyelijua. Jumamosi asubuhi alifungua boneti, akachungulia, akafuta hapa, akaongeza kitu pale, nami nilikuwa ndani nikipiga pasi. Sikuwahi kumwuliza anafanya nini. Leseni nilikuwa nayo ya siku nyingi, lakini kila tulipotoka nilikaa upande wa abiria.

Kazi yangu ni kushona sare za shule. Nina duka Ruiru mjini, na vitambaa navitoa Thika kwa jumla. Miezi michache baada ya mazishi nilichoka kubeba marobota begani kutoka steji ya matatu hadi dukani, nikachukua funguo. Wiki ya kwanza niliendesha kama mtu aliyepakata mayai. Ya pili nikazoea. Marobota niliyapanga kiti cha nyuma mpaka yakafika dirishani.

Siku moja nikitoka Thika, nimekaribia Juja, taa nyekundu ya pembetatu iliwaka mbele yangu na gari likaishiwa nguvu, likawa linajivuta tu. Niliegesha kando. Nilichojua ni kwamba gari likichemka huongezewa maji. Nilifungua boneti, nikaona chupa ya plastiki iliyopungua kidogo, nikamimina maji yangu ya kunywa. Baada ya kupoa lilikubali kwenda, nikafika nyumbani polepole. Kesho yake taa ikarudi.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja na fundi wake. Yule fundi alichomeka kikompyuta chini ya usukani, akakisoma, akatikisa kichwa.

"Betri kubwa imekufa, mama. Hii gari uza tu vile iko."

"Si tulikuambia?" shemeji akasema. "Hata ndugu yangu ilikuwa inamsumbua, ni vile hakuwa anakuambia. Alikuwa ameacha kuishughulikia."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniuma. Nilimjua mume wangu. Kitu chake hakukiacha.

"Siuzi," nikasema. "Kwanza nijue ina nini."

"Fundi ameshasema, shemeji."

"Amesema kile kompyuta imesema. Hajafungua hata kifuniko kimoja. Cherehani yangu ikikwama, sinunui ingine. Naifungua naangalia."

Shemeji alicheka, si kwa ubaya, akaondoka na fundi wake.

Mama wa Kihindi anayeniuzia vitambaa Thika ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Singasinga mwenye kilemba, mwenye gereji upande wa viwandani, ambaye magari ya haibridi ni kazi yake ya kila siku. Niliendesha kutoka Mugutha asubuhi mapema, kabla ya joto, nikisimama kila mara kulipumzisha. Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakugusa boneti. Alienda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma.

"Mama, unabeba nini huku?"

"Vitambaa."

Alinionyesha matundu kando ya kiti cha nyuma. Nilikuwa nimeyaona siku zote nikadhani ni urembo. "Betri iko chini ya hiki kiti," akasema. "Inavuta hewa hapa, feni inaipoza. Wewe umeiziba."

Alibandua kifuniko cha matundu hayo, akachomoa kichujio. Kilikuwa kimefunikwa na manyoya ya nyuzi, bluu ya sare moja, maruni ya nyingine, kijani ya ile shule ya wasichana. Nilizitambua rangi zangu zote. Akaniambia nisogee kando, akavaa glavu nzito za mpira, akakata umeme wa betri kubwa, akasubiri, ndipo akaitoa feni yenyewe. Ilikuwa imezongwa na nyuzi kama kidonda kilichofungwa bendeji.

Nilicheka, kisha nikajikuta nalia pale gerejini mbele ya watu. Hakuwa mume wangu aliyeliharibu. Ni mimi na marobota yangu. Mzee aliniletea kiti, akaendelea na kazi yake.

Alipofungua boneti ndipo alipouliza, "Hapa nani ameweka maji ya mfereji?"

"Ni mimi."

"Hii si ya injini. Ya injini ni ile pale. Hii inapoza inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri ndio uzungushe mota. Inataka dawa yake tu, ile ya pinki. Maji ya kawaida yanaleta kutu ndani, na inveta ikiungua, hapo ndio utauza kweli."

Alimwaga yote, akasafisha, akajaza upya, akatoa hewa. Betri aliipima, akasema haijafa, ilikuwa inachemka na gari linajipunguzia nguvu kujiokoa.

"Sasa ulete kila miezi sita," akasema.

"Nitaleta. Lakini nataka kujua mwenyewe."

Alinitazama kidogo, kisha akanipa tochi nimulike. Tulianza upande wa kushoto. Oili ya injini, ambayo lazima iwe ile nyepesi, nisidanganywe na mtu wa kuniuzia nzito. Maji ya breki, ambayo huvuta unyevu yakazeeka hata kama hayajapungua. Oili ya gia, ambayo watu husema haibadilishwi milele, naye akasema milele ya nani. Chupa mbili za pinki, za kupimwa injini ikiwa baridi. Halafu akawasha gari, akaniambia niangalie ile ya inveta.

"Unaona inazunguka? Hiyo ni pampu inasukuma. Ukiona dawa imetulia tu, usiende mahali. Na hizi waya za rangi ya chungwa, mkono wako usifike hapo kamwe."

Niliandika yote kwenye daftari langu la vipimo, baada ya ukurasa wa kiuno na mapaja.

Jumamosi zikawa zangu. Majirani walipita wakanikuta nimeinama na kitambaa mkononi. "Umekuwa makanika, mama?" Niliwajibu ndiyo. Marobota nikaanza kuyafunga kwa karatasi ya nailoni na kuyaweka buti, na kile kichujio nikakisafisha kila mwezi kwa brashi ya cherehani.

Kisha ikaja wiki ya kufungua shule. Nilikuwa nipeleke sare kwa shule moja ya msingi karibu na Kiandutu, Thika, na mwalimu mkuu alinisihi zifike asubuhi, maana kuna watoto wasingekuja bila hizo. Nilikuwa nimeshona siku nyingi mfululizo. Niliwasha gari, nikafungua boneti kama kawaida, nikamulika ile chupa. Pinki ilikuwa imejaa vizuri. Lakini ilikuwa imetulia.

Nilizima, nikawasha tena. Imetulia.

Hakuna taa iliyokuwa imewaka. Nilimpigia shemeji anisaidie na pikapu yake. Alikuja, akasikiliza injini, akakagua taa.

"Shemeji, hii gari iko sawa. Thika ni hapa tu. Unaogopa bure."

"Siendi nayo."

"Kwa sababu maji hayachezi?"

"Kwa sababu pampu haisukumi. Nisaidie kupakia."

Nadhani alitaka kubishana. Badala yake alifungua mlango wa nyuma wa pikapu, tukapakia. Tulifika watoto wakiwa bado uwanjani. Walimu waligawa sare palepale, na kuna msichana mmoja aliyevaa sweta juu ya gauni lake la nyumbani, akakataa kuivua.

Siku iliyofuata mzee wa gereji alikuja Mugutha na vifaa vyake. Aliitoa ile pampu, akaiunganisha kwenye betri ndogo huku shemeji akiwa amesimama kando. Pampu ilikohoa mara moja, ikanyamaza.

"Na kama angeenda nayo jana?" shemeji akauliza.

"Labda angefika. Labda inveta ingeungua hapo Juja."

Shemeji aliiokota ile pampu, akaigeuzageuza mkononi. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu hakuwa ameiacha hii gari. Nilisema tu. Pole, shemeji."

Nilimwambia asante. Mzee akaweka pampu mpya, akanikabidhi chupa ya pinki na faneli.

"Mimina wewe," akasema. "Polepole, hewa itoke."

Nilimimina mpaka kwenye alama. Nikaingia, nikawasha, nikatoka tena kuangalia. Ilikuwa inazunguka.