Aliyewauliza Wazima

Wenzangu wakinusa klorini hukunja pua. Mimi hurudi kimawazo Itetemia, mtaa wetu wa Tabora, kwenye ua wa bibi yangu, mwaka ule mvua zilipokuwa kubwa na mjomba Haruni akaoa.

Mabomba yalikuwa makavu, kwa hiyo maji ya shughuli yalitoka kisima cha uani. Pilau alipika Mama Nyamizi, mjane aliyehamia mtaani kwetu kutoka Usoke, na nawaambieni, masufuria yake yalipofunuliwa hata waliokuwa wamenuna walisogea. Kulikuwa pia na juisi ya tikiti maji yenye mabonge ya barafu. Hiyo sikuionja. Nilikuwa na jino bovu, na baridi ikiligusa nilikuwa naona nyota mchana. Hasira zangu nikazimalizia kwenye pilau.

Kesho yake dada yangu Zuhura alianza kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Kabla jua halijazama, macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya vidole imenyauka kama ya kikongwe. Baba alimbeba mgongoni hadi barabarani, akapata pikipiki ya kumwahisha hospitali. Watu wa nyumba ya jirani nao wakaugua, na wa nyumba ya pili yake. Kipindupindu.

Mtaa ulipata jibu haraka kuliko daktari: pilau la mgeni. Wengine walisema sumu, wengine uchawi. Mtu akarusha jiwe mlangoni kwa Mama Nyamizi, naye akajifungia ndani. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe ni wajukuu wa watu waliofika Tabora na misafara, kila mmoja na kwao, na methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone tulikuwa tukiisema kila siku.

Kisha akaja ofisa wa afya, mama mmoja mnene mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alikuwa ametoka kuongea na wagonjwa wodini. Sasa akatushangaza: akataka kuongea na wazima.

“Wazima wa nini?” shangazi alifoka. “Wagonjwa wako hospitali!”

“Wagonjwa wameshaniambia walichokula. Nataka kujua hawa wazima hawakula nini.”

Nikamwamkia, “Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Ulikula pilau?”

“Sahani mbili.”

“Na juisi?”

“Jino lilikuwa linaniuma.”

Akamgeukia babu. Babu naye alikula pilau, ila juisi aliiogopa kwa sababu ya kifua chake, na alikuwa mzima kama chuma. Kisha akatuuliza habari za mke wa fundi cherehani. Yule alichelewa, akakuta pilau limekwisha, akaambulia juisi tu. Alikuwa amelazwa kitanda cha pili kutoka kwa Zuhura.

Yule mama hakuuliza tena. Alikwenda moja kwa moja kisimani, akaangalia choo cha jirani kilichofurika kwa mvua, akatikisa kichwa. Pilau lilichemka jikoni. Juisi na barafu yake vilitengenezwa kwa maji mabichi ya kisima kile. Kikamwagiwa klorini, nasi tukaamriwa kuchemsha kila tone la kunywa. Wagonjwa wapya wakapungua, kisha wakakoma. Zuhura alirudi amekonda, lakini ana nguvu za kutosha kunigombeza kwa kuvaa viatu vyake.

Siku hiyohiyo aliyorudi Zuhura, bibi alijitanda khanga, akanishika mkono mchana kweupe, watu wakiwa wamejaa barazani. Tulisimama mlangoni kwa Mama Nyamizi.

“Fungua, mwanangu,” bibi alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. “Nimekuja kula.”

Mama Nyamizi alifungua, macho mekundu. Hakuwa na kitu ila ugali na mlenda. Bibi alikaa pale pale kizingitini, akanawa, akala taratibu tonge baada ya tonge, mtaa ukimtazama.

Mimi nilishangaa. Nyumbani tulikuwa tumetoka kula wali, na bibi alikuwa ameshiba. Miaka mingi ilipita ndipo nikaelewa kwamba kisima kilikuwa kimeshatibiwa, lakini uvumi nao ulikuwa umeambukiza watu, na dawa yake bibi aliimeza hadharani.