Aliyekuwa Nyuma Yake

Mama yetu hakutazama mbio za kaka hata mara moja. Zikianza, aliomba simu igeuzwe kioo chini juu ya meza, tukae kimya sebuleni kwetu Mirdif mpaka zimalizike, kisha aulize neno moja tu: "Mzima?"

Kaka aliishi kwa spidwei: pikipiki nne kwenye duara la udongo, mizunguko minne, kila kona ni ya kushoto. Msimu ukifunguliwa alikwenda Ulaya, timu yake ikimlipa; ukifungwa alirudi Dubai na makovu mapya na hamu ya pilau. Hakuwahi kupanda ndege bila radhi ya mama, na mama hakuitoa bila kumwusia, "Kwenye kona ushike breki, mwanangu." Naye hujibu, "Inshallah, mama."

Mwaka huu mama alisita. Msimu uliopita kaka alianguka, mfupa wa bega ukavunjika na kuungwa kwa vyuma. Sasa timu ilikuwa inamngoja, naye aliamini mama akiona kwa macho yake moyo utatulia. Basi Ijumaa moja, baada ya alasiri, tukampeleka kwenye uwanja wa mazoezi nje ya mji, nyuma ya maghala.

Mama akaizunguka pikipiki kama anayekagua mbuzi wa Idi. Ilikuwa nyembamba, haina taa wala kioo. Akashika upande mmoja wa usukani, akashika wa pili.

"Breki ni ipi hapa?"

Kaka akajishughulisha na glavu zake. Aliyejibu ni fundi wake, Mkenya aliyeishi mtaa wa Karama, asiyejua kuuzuia mdomo. "Mathee, hizi hazinanga breki. Ukifunga breki, wa nyuma anakupanda mgongoni."

"Hazina?"

"Hata moja, mathee."

"Loo! Hata kigari cha kusukumia mtoto kina breki!"

Fundi akacheka, akajikuta anacheka peke yake, akanyamaza. Mimi nikamtazama kaka. Miaka yote aliitikia inshallah kwa breki isiyokuwapo.

"Sasa wasimama vipi?" mama akauliza.

"Acha nikuoneshe, mama."

Akaondoka kwa mngurumo uliotetemesha uzio. Kwenye kona ya kwanza gurudumu la nyuma likamkimbia, pikipiki ikalala ubavu, uso wake ukitazama huku na mwili ukienda kule, mguu wake wa kushoto, wenye kiatu cha soli ya chuma, ukiburuzwa vumbini. Mama alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia kinywani mwake. Nilidhani kaka ameanguka. Kumbe ndivyo wanavyokata kona.

Alirudi amejaa vumbi, akavua kofia, akapiga magoti mchangani. "Umeona, mama? Nipe radhi niende."

Mama hakumgusa. Macho yake yalikuwa bado kule konani.

"Ukianguka wewe, wale wa nyuma yako nao hawana breki?"

"Hawana."

"Wanafanyaje?"

"Wanajilaza chini na pikipiki zao, mama. Wasinikanyage."

"Na siku ile ya bega?"

Fundi akaacha kufuta mikono. Kaka akaiweka kofia mchangani. "Wa nyuma yangu alijilaza. Akaserereka hadi ukutani, akaumia uti wa mgongo. Mpaka leo hatembei."

Sisi nyumbani hatukuambiwa. Tulikuwa tumepika, tumealika majirani, tumemshukuru Mungu kwa bega.

Mama akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya tairi. "Ana mama yake?"

"Anaye."

"Ushakwenda kwake?"

"Sijaweza. Ningemwambia nini?"

"Miezi yote hii?" Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Na ukaja kutaka radhi kwangu mie, kabla hujaitaka kwake?"

Kaka akainamisha kichwa. Timu ilikuwa inapiga simu. Simu ya kaka iliita mfukoni mwa fundi mpaka ikakatika.

"Yalla, inuka," mama akasema. "Kwangu mie hupati kitu mpaka utoke kwa mama yule."

Wiki ile kaka alisafiri bila kofia wala kiatu cha chuma. Kwenye begi lake mlikuwa na kopo la halua, ambalo mama alilifunga kwa mikono yake mwenyewe, kwa ajili ya mwanamke asiyemjua na ambaye wasingeelewana naye hata kwa salamu.