Mama mkwe alivyonitoa homa kwa maji ya bluegum (mkaratusi) bila kuniona, Kalamba

Wakuu, hamjambo. Nimeona mtu hapa anauliza aoge na nini akishikwa na flu, nikaona niwape yangu. Sitaongeza chumvi. Chumvi iliyokuwa ndani iliwekwa na mama mkwe mwenyewe.

Hii ni miaka ya themanini. Mimi kijana wa Kibwezi, nalima nyanya na vitunguu kando ya mto. Nikapata msichana wa Kalamba, Mwikali. Tukapendana, wazee wakapanga siku ya ntheo.

Kwa wale si Wakamba: ntheo ni ile siku unapeleka mbuzi kwa kina msichana. Zikishachinjwa na kuliwa, huyo ni bibi yako, hata kama kanisa mtaenda miaka ijayo.

Kitu kingine mjue. Kwetu mtu na mama mkwe wake wanaoneana haya. Hamkai karibu, hamwangaliani usoni, mkikutana njiani mmoja anapinda. Hakuna ubaya hapo, ni heshima.

Sasa.

Mimi na mjomba wangu Mutiso tulibeba mbuzi tatu kwa pickup. Mwezi wa saba, ile baridi ya Makueni watu wa Nairobi hawaamini iko. Mjomba akakaa mbele na dereva. Mimi nikakaa nyuma na mbuzi. Manyunyu njia yote.

Tulifika mchana, siku moja kabla ya ntheo. Kushuka tu, sauti imeenda. Pua imeziba, macho mekundu, kifua kinapiga filimbi.

Tukapokelewa kwa nyumba ya Susu, nyanya yake Mwikali, ndani ya boma hilo hilo. Hata chai sijamaliza, shangazi yake Mwikali akaingia kusalimia. Nikakohoa. Akaniangalia juu mpaka chini, akatoka.

Nikamsikia huko nje: "Huyo kijana ana ugonjwa wa kifua. Nani atakula mbuzi ya mgonjwa?"

"Shangazi, ni baridi ya gari tu," Mwikali akasema.

"Basi kesho asimame ataje jina lake na la ukoo wake, wazee wote wasikie. Akishindwa, mbuzi zirudi kwao."

Wakuu, mbuzi kurudishwa! Ushuke Kibwezi na mbuzi zako tatu, soko lote linakuangalia! Nilijaribu kumwambia mjomba kitu, ikatoka hewa tupu.

Aliyeingilia ni mama Mwikali. Lakini ataniogeshaje na hatakiwi kuniona?

Alisimama nyuma ya ukuta, akaanza kutoa amri. Susu na Mwikali wakawa wanatekeleza.

"Chemsheni majani ya bluegum na ya limau. Pondeni tangawizi, msiimenye. Chumvi, konzi moja."

Sufuria ikaepuliwa, ikawekwa chini mbele yangu, nikafunikwa blanketi nivute mvuke. Dakika chache tu, jasho linashuka, kamasi nayo inafuata. Sitawaficha.

Halafu nikapelekwa bafu. Bafu yenyewe ilikuwa nguzo nne na magunia ya katani. Maji yale yakachanganywa na ya baridi kwa karai kubwa, Susu akapima joto na kiwiko, akatoka.

Mama Mwikali yuko upande wa pili wa gunia.

"Mwambieni aanze na miguu."

Mwikali akapaza sauti: "Anza na miguu!" Na mimi nimesikia tangu mwanzo.

"Muulizeni kama ni moto sana."

"Ni sawa," nikanong'ona. Mwikali akapeleka jibu hatua mbili kando.

"Ajimwagie mgongoni pole pole na kikombe. Asiharakishe."

Wakuu, ile raha! Maji ya vuguvugu yanateremka mgongoni, harufu ya bluegum, mifupa inalegea. Nikafumba macho.

Kumbe mjomba alikuwa amefunga mbuzi moja kwa nguzo ya hiyo bafu. Mbuzi ikaona lile rundo la majani ya limau yaliyobaki, ikavuta. Nguzo ikang'oka.

Gunia zikaanguka.

Mimi niko kwa karai. Mama mkwe amesimama hapo, hatua tatu.

Mama alitoa leso ya kiunoni akajifunika kichwa kizima, akawa anapiga kelele: "Sijaona! Mwambieni sijaona!"

Susu akasema, "Kwani kuna nini ya kuona?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikakohoa, nikapiga chafya kubwa, pua zote mbili zikafunguka papo hapo. Nyuma ya leso nikasikia mama naye anacheka, mabega yanatingishika.

Nikajipangusa haraka, nikavaa sweta mbili, nikapewa uji wa wimbi na kulala.

Asubuhi wazee wamekaa. Nikasimama. Sauti ilitoka kama ya jogoo anayejifunza kuwika, lakini ilitoka. Nikataja jina, baba, ukoo.

Shangazi akasema, "Rudia."

Nikarudia kwa nguvu zaidi. Akanitazama kidogo, halafu yeye ndiye akawa wa kwanza kupiga vigelegele. Mbuzi zikachinjwa.

Nilichojifunza: hayo maji hayafukuzi flu, flu inaenda kwa wakati wake. Lakini unapumua, unalala vizuri, na unajua kuna mtu amekuchemshia. Maji yasiwe ya kuunguza, watoto wakae mbali na sufuria, na kifua kikikataa kupoa nenda hospitali, usijifanye shujaa.

Mwikali yuko hapa anasoma juu ya bega langu, anasema nimesahau kuwaambia majani ya limau yaoshwe kwanza.

Haya, nyinyi kwenu mlikuwa mnachemsha nini? Watu wa Mwingi, nasikia mko na majani yenu. Tajeni hapa chini, baridi imeanza.