Shahidi Wangu Alivaa Saa

Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana najua pale kanisani kwetu Yakobi habari imeshazunguka na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, wengine wanasema nililia mbele ya hakimu, sikulia, nilitoa leso kwa sababu ya mafua (kwa baridi ile ya Njombe nani hana mafua). Lakini aibu niliipata, hiyo sibishi, na niliitafuta kwa kiherehere changu.

Nilikuwa dereva wa basi la shule moja ya awali hapa mjini, watoto wadogo wale wa kubeba chupa za uji, na kazi hiyo niliipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Shule ina sharti moja: dereva akipatikana na kosa la mwendo kasi, hata akiwa na gari lake mwenyewe siku ya mapumziko, anakabidhi funguo. Nilisaini kwa mbwembwe, nikamwambia mwalimu mkuu kwamba kwangu mimi sharti hilo wamepoteza wino tu.

Sasa Jumapili moja mwanangu Baraka alikuwa anapata kipaimara, ibada saa tatu kamili, na mama mkwe wangu alikuwa Makambako kwa shemeji yangu aliyejifungua. Nikaenda na kigari changu alfajiri kumchukua, hesabu yangu ni kwamba saa moja na nusu tumeshaondoka. Lakini kulikuwa na chai, na chai ile ilikuwa na viazi, na baada ya viazi kukawa na kumwombea kichanga, na baada ya maombi kichanga kikalia kikabembelezwa, na mimi nifanyeje, unamwambiaje mama mkwe aharakishe? Kwetu mkwe na mama mkwe heshima yao ni ya mbali, salamu, macho chini, basi. Nilikaa nje nikifuta kioo ambacho kilikuwa kisafi. Tukaondoka saa mbili na dakika ishirini.

Njiani ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye lami. Nikakanyaga mafuta hivyo hivyo, mama mkwe kiti cha nyuma na kitabu chake cha nyimbo, hatuongei. Lori la mbao lililokuwa linakuja likaniwashia taa mara mbili, nami nikamrudishia kwa adabu nikidhani ni salamu (dereva mzoefu huyo), kona ya pili tu trafiki huyu hapa na tochi yake ya kupimia mwendo. Themanini na mbili kwenye hamsini. Sikubishana, muda huo sikuwa nao, nilipokea karatasi nikaitia mfukoni nikakanyaga tena.

Kengele ilitukuta mlangoni mwa kanisa, watoto wamejipanga na mashati meupe, Baraka akaniona akatabasamu. Hapo ningekaa nikanyamaza, yote yangeishia pale. Lakini ulipofika wakati wa shukrani nikasimama, hakuna aliyenilazimisha, nikaenda mbele na mama mkwe kando yangu, nikashika kipaza sauti nikasema, "Wapendwa, saa mbili na dakika ishirini sisi tulikuwa bado Makambako, na kengele ya saa tatu imetukuta mlangoni hapa. Mungu ni mwema." Watu wakapiga makofi, kwaya ikatoa ubeti, nikarudi kukaa nikijiona mtu.

Jumatatu nikaikumbuka karatasi. Ukikubali kosa unalipa faini na yanaisha, ila linabaki kwenye kumbukumbu za leseni likimsubiri mwalimu mkuu, na usipokubali unakwenda kwa hakimu. Nikaamua kukataa. Niliona kesi ninayo: ukungu ulikuwepo, tochi ilisoma gari lingine, na shahidi ninaye, mama mkwe, tena mzee wa kanisa, mtu ambaye kule kwao Mdandu akisema mahindi ya fulani yameiva, watu hawaendi kuangalia, wanaenda kuvuna.

Mwenzangu yeyote angekaa na shahidi wake wakapanga maneno. Mimi nikae na mama mkwe nimpange? Nikamtuma mke wangu.

"Mwambie mama aje aeleze tu ninavyoendesha."

Mama Baraka akaweka kisu chini. "Aeleze ukweli?"

"Ndiyo, ukweli," nikasema.

"Haya," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Siku ya kesi shahidi anangoja nje mpaka aitwe, kwa hiyo mama mkwe hakusikia hata neno langu moja. Trafiki alieleza ya kwake kwa kifupi. Mimi nikaeleza kwa urefu, ukungu, mwendo wa arobaini na tano, hamsini nikizidi sana, na kwamba wakati ule basi moja kubwa lilikuwa linanipita na ndilo lililosomwa. Nilieleza vizuri mpaka karani akaacha kuandika akawa ananisikiliza.

Mama mkwe akaingia na kitenge chake cha ibada, akashika Biblia kwa mikono miwili, akaapa kwa sauti ya kanisani. Halafu ikabidi mimi ndiye nimuulize, mimi ambaye kwa miaka kumi na minne sijamuuliza zaidi ya habari za afya. Nikauliza nikitazama sakafu.

"Mama, siku ile kulikuwa na ukungu?"

"Ulikuwepo, baba. Mzito."

"Na mimi niliendeshaje?"

Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, huyu ni mkwe wangu, lakini nimeapa. Anaendesha vizuri sana. Ukungu kwake si kitu. Wote tuliwapita, hata basi moja kubwa."

Nikasema sina swali lingine. Hakimu, mama mmoja wa miwani, mwenye sauti ya chini, akasema yeye analo: tulitoka Makambako saa ngapi? Mama mkwe akainua mkono kuonyesha saa yake (nilimnunulia mimi mwaka niliomwoa binti yake, nikachagua ile yenye namba kubwa ili asipate shida).

"Saa mbili na dakika ishirini, niliangalia. Na saa tatu kengele ilitukuta mlangoni. Kanisa zima linajua, alisema mwenyewe kwenye shukrani."

"Na trafiki aliwaweka muda gani?"

"Kama dakika tano hivi. Alituchelewesha, lakini mkwe wangu alizifidia."

Wa kwanza kucheka alikuwa karani. Hakimu akaandika kidogo pembeni ya karatasi, akaniuliza kutoka Makambako mpaka Yakobi ni kilomita ngapi, na mimi ni dereva, siwezi kusema sijui.

"Kama sitini, mheshimiwa."

Akavua miwani. "Mshtakiwa, huyu ni shahidi wa upande gani?"

"Wangu, mheshimiwa."

Walicheka mpaka askari wa mlangoni. Mama mkwe akaruhusiwa kwenda nje kuota jua, na hukumu haikumaliza hata dakika mbili. Nilipotoka nilimkuta amekaa kwenye benchi, mkoba magotini, amechangamka.

"Tumeshinda, baba?"

"Tumemaliza, mama."

Nilikuwa na hasira na sikuwa na wa kumkasirikia, kwa sababu kila neno alilolisema alilisema kwa kunisifu. Nikamrudisha Mdandu kwa mwendo wa arobaini, malori yamejipanga nyuma yetu yanapiga honi. Katikati ya safari akaangalia saa.

"Baba, leo gari linaumwa?"

Kesho yake nikakabidhi funguo. Mwalimu mkuu hakunigombeza, angenigombeza ningeona afadhali, alinipa kazi ya getini. Asubuhi nalifungulia basi linapotoka, na linaporudi kuna mtoto mmoja, Anjela, aliyekuwa anakaa nyuma yangu siku zote, ananiuliza dirishani nitaendesha lini. Namwambia kesho. Inaniuma, na sijazoea kuuma kwake.

Kanisani bado naenda. Mchungaji akiuliza nani ana shukrani, vichwa vinageuka kunitazama, na mimi natazama kitabu cha nyimbo. Nikiwa nayo naitia kwenye bahasha, naandika jina langu na neno safari, basi. Saa niliyotoka na saa niliyofika, Mungu anazijua.