Jiwe Tulilolipiga Pasi

Niseme mapema, kabla majirani hawajanisemea: aliyelipaka lile jiwe polishi nyekundu ni mimi. Si watoto, si shetani. Ni mimi, mtu mzima mwenye kazi ya ofisi, tena nililipaka kwa mapenzi.

Jiwe lenyewe liko Kaloleni, kwenye kibustani cha baba chini ya dirisha la jikoni, kati ya sukuma wiki na waridi ambalo halijawahi kunisikiza. Ni kubwa kama meza ya sebuleni, na juu yake pana safu mbili za vishimo vilivyochongwa na watu wa kale, kabla chuma hakijajulikana. Baba alilitoa Ukambani. Alikuwa mchonga vinyago, na siku moja, akienda kutafuta magogo, alipita machimboni akakuta vijana wameinua nyundo walivunje liwe kokoto. Akawaambia wangoje, hilo ni bao la kuchezea. Walimcheka sana, kisha wakamsaidia kulipakia kwenye lori.

Tangu magoti ya baba yalipokataa kumpeleka karakana, jiwe hilo ndilo kazi yake. Kila alasiri jirani yetu, mzee aliyestaafu reli, huja na kigoda chake na mbegu ndani ya soksi, wakacheza. Baba anafuata sheria za Ukambani, mwenzake za kwao magharibi, kwa hiyo hakuna mchezo uliowahi kuisha bila kesi. Nikiwasikia wanagombana, najua baba yuko mzima.

Mwaka huu mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipita alilipiga picha, na baadaye ikaja barua. Afisa wa mambo ya kale angekuja Jumamosi kuamua kama jiwe litabaki au litapelekwa stoo ya makumbusho. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Siku hiyo hakucheza. Chai yenyewe aliinywa nusu.

"Mama," akaniambia, maana nina jina la mamake na hivyo ndivyo anavyoniita, "wakilichukua, nitashinda nikiangalia ukuta."

Sasa mimi nikiwa na wasiwasi siwezi kukaa mikono mitupu. Na kwetu mgeni wa maana akitarajiwa mtu hufanya nini? Anasugua sakafu, kisha anapaka ngazi ya mlango polishi nyekundu mpaka apitaye aone meno yake. Marehemu mama alinilea hivyo. Nikawaza, afisa akiona jiwe linatunzwa, hatakuwa na sababu ya kulichukua. Jumamosi alfajiri, baba akiwa bado kitandani, nikalisugua kwa brashi, nikalipaka, nikaling'arisha kwa blanketi kuukuu. Haki ya Mungu lilimetameta. Nikasimama kulitazama nikajipongeza mwenyewe.

Baba alitoka na mkongojo wake. Akalitazama. Hakufoka, na heri angefoka. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza kama nimemwachia hata sukari ya chai, kwa sababu anaona vingine vyote nimevimaliza.

Ndipo nilipoelewa nilichofanya: jiwe la kale nimeligeuza ngazi ya mlango, na afisa yuko njiani. Hasira zangu ziko karibu, kwa hiyo nilianza na mkebe wa polishi, nikautupa kwenye sukuma wiki. Kisha nikamkasirikia aliyeandika barua. Mwisho nikajikasirikia mwenyewe, nikaketi chini nikalia.

Mzee wa reli alifika mapema, amevaa shati la kanisani kumpokea mgeni. Alicheka mpaka akashikilia uzio. Alipotosheka akarudi kwake mbio, kadiri miaka yake inavyoruhusu, akaleta pasi ya makaa. Ndiyo aliyonyooshea sare zake zote za kazi, na mpaka leo mzee haamini stima. Akasema mshumaa ukimwagikia kitambaa cha meza, unaweka karatasi, unapitisha pasi, karatasi inanyonya. Nta ni nta, iwe ya mshumaa au ya polishi. Nikachana pakiti zote za unga zilizokuwamo jikoni tupate karatasi.

Na kweli karatasi ikawa inatoka nyekundu. Baba alituongoza kutoka kigodani, tunakosea hapa, tunaharakisha pale, hadi akashindwa kuvumilia akaichukua pasi mwenyewe. Aliipitisha kwa mkono wa kushoto, taratibu, alivyokuwa akilainisha masikio ya twiga wake wa mti.

Hivyo ndivyo afisa alivyotukuta. Mzee anapiga jiwe pasi, mwenzake anapuliza makaa, na mimi nimejaa unga na masizi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Yote ikapotea.

"Madam," nikasema, "tunapiga jiwe pasi."

Afisa aliangalia pasi, akaangalia jiwe. Kisha akatua mkoba, akataka moto upunguzwe, akauliza kama karatasi zimebaki.

Tulifanya kazi pamoja karibu mpaka saa sita. Wekundu ulitoka juu ya jiwe, lakini kwenye mikwaruzo midogo ya ndani ya vishimo ulikawia, na baba akauona. Akamwita afisa ainame. Alama zote zililalia upande mmoja. Baba akaweka mkono wake wa kushoto juu yake, na ukaelekea zilikoelekea.

"Huyu aliyechonga alikuwa wa mashoto kama mimi," akasema. "Na hapa alichoka. Akapumzika, akarudi na kifaa chenye makali zaidi."

Afisa alipitisha kidole, akaandika, akapitisha tena. Mwishowe akafunga daftari.

"Mzee, kwetu lingepata nambari na rafu," akasema. "Kwako limepata fundi mwenzake. Litabaki hapa."

Akanigeukia, akanipiga marufuku kukaribia jiwe na polishi ya aina yoyote. Nilikubali mikono yote miwili juu. Nilikuwa na furaha hata ningekubali kufungwa. Baba hakusema asante. Alimwambia mzee wa reli alete soksi. Afisa alikaa akacheza, akashindwa mara mbili, mara moja kwa kila sheria.

Kishimo kimoja cha pembeni kilikataa kutakata, mpaka leo ni chekundu. Jioni nikitoka kazini baba hunivutia kigoda tucheze, na kila mara hunilazimisha nianzie hapo.