Picha ya Kwenda Kisumu

Harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa chenye wanga bado hunisimamisha nilipo. Kwetu Kibokoni, Mombasa, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya kufungua shule. Siku za mwisho za likizo ukumbi wa juu ulijaa nguo za kaka yangu Salim: kaptura mbili, mashati mawili, na kofia iliyovishwa juu ya sufuria ili ikauke bila kupoteza umbo. Gauni langu la shule lilikuwapo pia. Mama alilishona kwa shuka, maana Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha lakini kitambaa kilikuwa bado cha kutafutwa kwa tochi. Mwaka huo lilipigwa pasi kama kawaida, likakunjwa, likawekwa kwenye kasha, na hakuna aliyejua kama litavaliwa.

Baba alikuwa karani wa forodha Kisumu. Nyumbani alikuja mara moja kwa mwaka, tena kwa wiki mbili tu, kwa hiyo mambo yetu yote yaliamuliwa kwa barua. Barua ya mwisho wa mwaka ilisema Salim aendelee na masomo, na mimi Zuhura, kwa kuwa nimetimiza miaka kumi na mmoja, sasa nipumzike nyumbani. Neno lilikuwa hilo hilo, nipumzike, kana kwamba nilikuwa nikibeba magunia kwenye maghala ya Shimanzi. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Hesabu nilikuwa nikizijua kuliko Salim, na yeye mwenyewe hakubisha, maana ni mimi niliyekuwa nikimfanyia.

Mama alitaka nirudi shule kuliko nilivyotaka mimi, lakini hakuwa na njia ya kulisema. Hakujua kuandika, na mtoto kuandika mambo ya wakubwa ingekuwa utovu wa adabu. Barua zake zote ziliandikwa na Ami, mdogo wake baba, na Ami ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba msichana mkubwa hana la kutafuta darasani. Kila ombi la mama lililopita kwenye kalamu ile lilifika Kisumu limekwisha makali. Ndipo akapata wazo la picha. Watu wenye uwezo mtaani walikuwa wakiwapeleka wavulana wao kupigwa picha shule zikikaribia kufunguliwa. Mama angetupeleka sisi wawili, tumevaa nguo za shule, na baba angeniona kwa macho yake nilivyokuwa tayari. "Hii ni barua yangu mimi," aliniambia huku akinisuka. "Hii Ami yako hataniandikia."

Kikwazo kilikuwa nyanya, mama yake baba, ambaye nyumbani kwetu hakuna kilichotoka mlangoni bila ya ruhusa yake. "Picha ya mwana wa kike!" alisema. "Ishikwe na watu wa posta, na watu wa gari la moshi, na makarani wa huko. Mato yote hayo yamtizame, hata imfikie babake?" Mama hakubishana naye. Alimwomba kwa adabu picha ipigwe kwanza, kisha yeye nyanya aitazame na aamue iende au isiende. Nyanya akanyamaza, na kwetu kunyamaza kwake kulikuwa ni nusu ya kukubali. Mimi nilikasirika kimoyomoyo, nikiona mama ameliweka jambo langu mikononi mwa mtu asiyelitaka.

Mpiga picha alikuwa Bwana Gulamali, Mhindi Muislamu mwenye duka la chumba kimoja lililonuka dawa kali kama siki. Alikuwa mpole, na mtoto yeyote wa kike kwake alikuwa beti, binti yangu. Salim alisimamishwa kando ya meza yenye saa na chombo cha maua ya karatasi. Mimi niliketishwa kitini, nikafunguliwa mapajani kitabu kinene cha Kiingereza alichokuwa nacho kwa kazi hiyo tu. "Beti, fanya kama wasoma," alisema akijifunika kitambaa cheusi. "Usitikisike mpaka nikwambie." Niliinamisha macho. Nikaona neno ninalolijua, kisha la pili, kisha sentensi nzima ikafunguka mbele yangu, na hapo nikamsahau Bwana Gulamali na meza yake. Aliyesoma chuo cha Kurani atajua kilichofuata. Tangu nina miaka mitano nilikuwa nimeketi mkekani na wenzangu tukisoma Kurani huku tukiyumba mbele na nyuma, na mwili wangu haukujua namna nyingine ya kusoma. Mbele ya kitabu kile niliyumba. Salim alinifinya begani, lakini Bwana Gulamali alikuwa amekwisha kupiga.

Picha ilipotoka, mama aliketi kwenye ngazi ya duka akainama. Salim alionekana vizuri mno, amekodoa macho, kila kifungo cha shati lake kikihesabika. Mikono yangu ilionekana, na kitabu kilionekana. Lakini kuanzia mabegani kwenda juu mimi nilikuwa ukungu mweupe wenye nywele. Bwana Gulamali alisikitika, akasema turudi wiki ijayo atupige tena, ila shule zilikuwa zinafunguliwa kesho kutwa. Tulirudi nyumbani. Nilijiona mjinga kuliko watoto wote wa Mombasa, na nilitamani mama anipige ili jambo liishe.

Nyanya aliichukua picha, akaisogeza dirishani, akaigeuza, akaitazama tena kwa muda mrefu. Kisha akacheka. "Uso hauonekani," alisema. "Hii yaenda. Nani atamjua huyu?" Mama akashika mkono wake akaubusu. Sikuona cha kufurahia, kwani baba naye asingenijua. Picha ikatiwa bahashani bila neno hata moja la maandishi, na Salim akatumwa posta kabla nyanya hajageuza nia.

Shule zikafunguliwa. Salim alikwenda, mimi nikabaki nikichambua mchele na kusikiliza watoto wakipita chini ya dirisha. Siku ya kumi na mbili barua ikaja kwa jina la Ami, kama ilivyokuwa desturi, na Ami akaketi ukumbini kutusomea. Alipita salamu zote, za nyanya, za mama, za majirani, kisha akasita, akasafisha koo. Baba alikuwa ameandika hivi: "Picha nimeipata. Salim nimemuona alivyosimama. Zuhura sikumuona uso, lakini nimemuona anasoma, maana hakuna mtu anayeyumba hivyo kwa kuigiza. Sikujua kwamba amefika hapo. Barua hii ikifika, kesho yake arudi shule." Ami aliikunja barua polepole. Mama hakumngoja amalize. Aliinuka akaenda kwenye kasha kulitoa gauni.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikafundisha wasichana miaka mingi hapo Tononoka na kwingineko. Siku hizi kila Januari simu yangu hujaa picha za watoto wa ukoo wakirudi shule, mabegi mgongoni, kila mmoja kapigwa mara ishirini na nyuso zote ziko wazi. Hazipiti mkononi mwa mtu. Mwaka huu nilimsimulia kitukuu wangu wa kike habari hii asubuhi akifunga viatu, naye mwaka huu ametimiza kumi na mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso. "Lakini nyanya," aliniuliza, "hiyo ruhusa ilikuwa ya nini?" Nikajaribu kumweleza. Bado hakuelewa, na gari la shule lilikuwa limefika, akanibusu mkono akashuka ngazi mbio. Nilibaki nimeketi pale, na sijui kama nimewahi kufurahi hivyo kwa mwanafunzi kushindwa kunielewa.